Afumiwa, Afumwa na Sweta la Bluu

Habari iliyovuruga amani ya asubuhi ile ilisomwa kwa sauti na Injini, fundi simu, kikombe cha kahawa kikiwa mkono wa pili: "Utashangaa alichokikuta mzee huyu chini ya godoro lake."

Benchi zima likageuka. Watu wazima wenye heshima zao, wengine wenye wajukuu, wakanyoosha shingo kama bata waliosikia bakuli likigongwa. Injini akateremsha kidole. Akapita tangazo la sabuni, akapita tangazo la viatu, akapita picha ya godoro ambalo halikuwa hata la mzee mwenyewe, akafika mwisho. Mzee alikuwa amekuta miwani yake.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza Fundi Sufu.

"Ndiyo hivyo tu."

"Nimeacha uzi unaning'inia kwenye mashine kwa ajili ya miwani ya mtu?"

Ieleweke kwamba Fundi Sufu hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mfumaji wa masweta, mpole kama bidhaa zake, na duka lake lilipakana na benchi hilo upande wa kushoto. Upande wa kulia kilikuwa kibanda cha Injini, mdogo wa mkewe, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja injini ya utafutaji, ile mashine isiyoonekana inayowaletea watu majibu kwenye simu zao. Katikati alikaa Bi Birika na kahawa yake. Na kwenye ncha ya benchi, penye kivuli, alikaa Mwalimu Nukta, mstaafu wa somo la lugha, ambaye hata risiti ya dukani aliisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla ya kuitupa.

Mwalimu Nukta alitangaza kwamba kichwa kile cha habari ni wizi wa muda na mwandishi wake anastahili viboko. Injini akamjibu kwa adabu kwamba mwandishi amefaulu, maana wote wamesikiliza hadi kwenye miwani. Wakabishana hadi povu la kahawa likaisha. Fundi Sufu, habari ya vichwa ilikuwa imemgusa penyewe.

Shule ya bweni iliyo juu ya kilima ilikuwa inatafuta fundi wa kufuma masweta ya wanafunzi wote kwa msimu wa baridi. Fundi Sufu aliiomba kazi hiyo, na aliyeshindana naye ni kampuni yenye magari. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asiyeonekana mtandaoni siku hizi hayupo, na kwamba siku ya Ijumaa jioni ataketi, afungue simu, atafute kazi za Fundi, halafu aamue. Akiikosa shule, Fundi Sufu angerudi kufuma kofia za watoto wachanga, na watoto wachanga mtaani kwake walikuwa wamepungua.

Ndipo Injini alipomfungulia blogu. Habari ya kwanza Fundi aliiandika mwenyewe na kuipa kichwa hiki: "Sweta." Ya pili akaiita: "Sweta Jingine." Walioisoma walikuwa yeye na mkewe, na mkewe alikuwa amebonyeza kwa bahati mbaya akitafuta kikokotoo.

Injini akamweka kitako na kumpa somo. Kichwa kibebe maneno yaleyale ambayo mteja huyaandika anapotafuta. Neno zito lisifichwe mkiani. Msomaji aahidiwe kitu, tena kwa namba. Fundi akaenda akarudi na "Mambo Saba Usiyoyajua Kuhusu Sweta." Kwa kuwa ni mwaminifu, alipofika la tano mambo yakamwishia, na mawili ya mwisho yalihusu soksi.

Asubuhi hiyo ya miwani ndiyo iliyokuwa Ijumaa yenyewe, na Injini alikuwa amekuja na dawa.

"Shemeji, si ulimfumia sweta mke wa mwalimu mkuu?"

"La bluu. Na picha akaniruhusu kupiga."

"Basi hapo ndipo ulipo utajiri wako. Watu hawatafuti sweta. Watu wanatafuta watu."

Akaeleza kwamba usiku mzima amechungulia kwenye mtandao kuona wananchi wanaandika nini. Neno "afumiwa" haliandikwi na mtu yeyote duniani. Lakini "afumwa", hilo linaandikwa mchana na usiku, linaandikwa na vijana na wazee, linaandikwa hata na watu walio msikitini na kanisani. Kwa hiyo asubuhi hiyo, kwa faida ya familia, alikuwa ameondoa herufi moja.

Akageuza simu wote waone: "Picha na Habari Kamili: Mke wa Mwalimu Mkuu Afumwa Sweta la Bluu."

Mwalimu Nukta aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka silaha ili asije akaitumia.

"Afumiwa," akasema. "Anafumiwa sweta. Sweta ndilo linalofumwa. Mtu akifumwa, kijana wangu, hafumwi kwa sindano. Anafumwa kwa kufunguliwa mlango ghafla."

"Mwalimu, ni 'i' moja tu."

"Kwa 'i' moja watu wamerudishwa kwao na mabegi."

Injini akacheka. Akasema injini ya utafutaji haisahihishi mitihani, na kwamba mwenye akili timamu akisoma hadi mwisho ataona neno sweta na kuelewa. Bi Birika, aliyekuwa akipepea makaa, akaomba aone hicho kichwa kinavyotokea kwa mtu anayetafuta, siyo kwa mwenye blogu. Injini akatafuta. Kichwa kikatokea cha kwanza kabisa, juu ya vichwa vyote, na hapo ndipo Fundi Sufu alipojua kwamba nafasi kwenye kioo cha simu ni finyu kama nafasi kaburini. Kilisomeka hivi: "Picha na Habari Kamili: Mke wa Mwalimu Mkuu Afumwa..." Vikafuata vidoti. Sweta lilikuwa limekatwa.

"Mimi hutangaza kahawa moto," akasema Bi Birika. "Siku nikimeza 'kahawa' nikabaki na 'moto', mtaa huu wote utanijia na ndoo."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Injini, na yeye alikuwa akicheka na simu. Wasomaji walikuwa wanamiminika. Fundi Sufu, ambaye maisha yake yote hajawahi kupata mteja wa pili kabla wa kwanza hajaondoka, aliinama akasoma maoni yao. Mmoja alitaka video. Mwingine alisema aliona dalili tangu zamani. Wa tatu aliapa kwamba anamjua mwanamume mwenyewe na ana pikipiki. Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza habari za sweta, na alichotaka kujua ni kama lilikuwa limevuliwa.

"Futa," akasema Fundi.

"Shemeji, kufuta sasa ni kukamua maziwa ukayamwage."

"Futa. Jioni mume wake anafungua simu."

"Atafungua, na atakukuta wa kwanza. Si ndicho alichotaka?"

Fundi Sufu aliona masweta ya shule nzima yakifumuka uzi mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yake. Akanyoosha mkono kuinyakua simu. Injini akaificha mgongoni. Shemeji kwa shemeji walikuwa karibu kuvunja udugu pale Bi Birika alipokohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha moshi.

Mke wa mwalimu mkuu alikuwa anavuka barabara. Alikuwa amevaa sweta la bluu.

Akawasalimu wote, wakaitikia kama darasa. Akaomba neno na Fundi pembeni, ila benchi lile halikuwa na pembeni, basi wengine wakafanya linalofanywa na waungwana katika hali kama hiyo. Waligeuza nyuso na kuacha masikio palepale.

Fundi Sufu alikuwa tayari na maneno yake. Angesema ni kosa la herufi. Angesema habari yote, kuanzia mstari wa kwanza, inasifu kola na vifungo, na ushahidi ni picha. Angepiga magoti ikibidi, japo magoti yenyewe yalikuwa mabovu kwa kukaa mashineni.

"Mama," akaanza, "kuhusu kile kichwa..."

"Dada yangu amenitumia. Sijathubutu kusoma zaidi ya hapo kwenye 'afumwa'." Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogea karibu. "Fundi, niambie ukweli. Nani aliyewaambia?"

Bi Birika aliacha kupepea. Kalamu nyekundu ya Mwalimu Nukta ikadondoka, na mwenyewe hakuiokota.

Fundi Sufu alikuwa ameandaa majibu ya kola na vifungo. Akatafuta ndani ya kifua chake neno lolote la kweli, lisilomuumiza mtu, lisiloongeza chumvi, akalipata moja tu, nalo ndilo lililomlea tangu ujana wake.

"Hakuna aliyetuambia, mama. Sisi hapa kazi yetu ni kufuma tu."

Mwanamke yule alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine, mwenye haraka na mipango.

"Nimeelewa," akasema. "Futeni sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa. Na kuhusu masweta ya shule, usihangaike na mwenzangu, wala hana haja ya kukutafuta kwenye simu. Nitamwambia nimeikagua kazi yako mwenyewe na nimeridhika. Jumatatu upande kilimani na futi yako, uwapime watoto."

Injini alifuta. Alifuta kwa vidole viwili, kwa unyenyekevu ambao dada yake hajawahi kuuona. Mama akasubiri hadi ukurasa ukawa mweupe, akakusanya kola ya sweta shingoni ingawa jua lilikuwa kali, akaaga, akaondoka.

Walibaki wakitazama vikombe vyao. Kisha Mwalimu Nukta akakumbuka kwamba ana dawa za kumeza nyumbani, Bi Birika akaona maji yamekwisha, Injini akasikia simu ya mteja ambayo haikuwa imelia, na Fundi Sufu akarudi kwenye uzi wake, mpambanaji aliyeishinda kampuni yenye magari kwa kusema ukweli mtupu. Wakatawanyika hivyo, kila mmoja na habari kamili kifuani, na hakuna aliyethubutu kuipa kichwa.