Ombi la Kumfungia Shemeji kwa Kosa la Uungwana

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wacheza Drafti,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni yule fundi cherehani wa mlango wa bluu, mshindi wa pili wa mashindano yetu kwa miaka sita mfululizo. Jumamosi hii nacheza fainali ya saba na mtu yuleyule: fundi viatu, kaka wa mke wangu. Nalitaka kombe lile kabla sijafa. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba afungiwe kwa kosa la uungwana uliopita kiasi.

Usicheke kwanza. Soma.

1. Huyu bwana ananishauri nikiwa nacheza naye yeye mwenyewe! Mkono wangu ukiwa bado hewani, ananong'ona, "Shemeji, hebu itazame tena ile kete ya pembeni." Naitazama. Loo! Kweli ilikuwa inaliwa. Nacheza nyingine, na bado ananifunga. Kufungwa ni jambo la kawaida, lakini kufungwa baada ya kusaidiwa, Mwenyekiti, aibu yake haina pa kuificha.

2. Akishinda ananipa mkono na kusema nimemtoa jasho. Jasho gani? Mwaka jana nilimkagua kola nzima, na kola ndiyo kazi yangu. Pakavu!

3. Anagawa siri za mchezo bure. Muuza mkaa, niliyekuwa namfunga mpaka namwonea huruma, alikaa naye majuma mawili tu. Sasa anakula kete zangu tatu kwa mkupuo, kisha ananiuliza kama nimeshakunywa chai. Hata mke wangu kafundishwa. Ananifunga huku anakoroga chungu, kanipa mgongo, na ananiagiza mimi nimsogezee kete zake.

4. Mwezi uliopita alifungwa na kinyozi. Nikasema haya, leo tutaijua rangi yake halisi. Akapiga makofi! Akamwomba kinyozi amwoneshe alipokosea, akaandika kwenye daftari. Sisi tuliozoea kununa tuonekaneje? Siku ileile nami nilifungwa, nikatupa kete mtaroni kama ilivyo desturi yangu, na watu wakanishangaa.

Tukiendelea hivi kila mtu atajua kucheza. Sasa atafungwa nani?

Kama kumfungia ni vigumu, basi mwamuruni aringe angalau mara mbili kwa mwezi, aibe kete moja mbele ya mashahidi, na akifungwa anune kama binadamu wengine.

Nisalimie katibu na miwani yake, mama watoto, na wote waliowahi kunifunga. Ukiona ni wengi, wasalimie kwa jumla.

Ni mimi, mwanachama wako mwenye uchungu,
Fundi Cherehani

N.B. Nimelazimika kuongeza haya kabla sijaifunga bahasha. Shemeji kaikuta barua hii juu ya cherehani, kaisoma yote amesimama. Nikajua leo atanitukana, moyo ukanidunda kwa furaha. Wapi! Kasema hoja zangu ni nzuri, ila ile ya muuza mkaa ningeitanguliza, ndiyo inayouma zaidi. Kisha kavuta kigoda, kapanga kete, kanionesha mahali anapokosea yeye kila fainali, ambapo miaka yote sita sijawahi kupaona. Tumepatana aje kila jioni hadi Ijumaa anifundishe kumfunga. Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba adhabu yake ianze Jumapili.