Barua ya Onyo kwa Samaki wa Manjano

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi, binti yangu na samaki kumi na mmoja, kwamba tangi la kioo la sebuleni sasa liko chini ya usimamizi wangu rasmi. Nimekuwa mkuu wa masijala miaka ishirini na sita. Samaki hawawezi kunishinda.

Ni wale wadogo wa rangi wa ziwani, wakaao miambani, ndugu wa mbali wa sato. Marehemu mke wangu ndiye aliyewafuga. Kila saa moja asubuhi aliwalisha huku akiwapa habari za mtaa. Mimi nilipita na gazeti langu bila hata kuwasalimu. Sasa nimeapa hatakufa hata mmoja mikononi mwangu.

Wiki ya kwanza niligawa mawe kwa namba, kila samaki jiwe lake. Dume la buluu lilikataa mgawo, likawapiga wenzake wote. Nikaliteua mwenyekiti wa mawe. Hata ofisini huwa tunafanya hivyo.

Tatizo likawa jike la manjano, kipenzi cha mke wangu. Lilivimbisha mashavu, likajibanza nyuma ya jiwe namba nne, likakataa chakula. Siku ya kumi ya mgomo huo, baada ya chai yangu kavu, nililiandikia barua ya onyo kwa kugoma kula, nikagonga muhuri, nikaibandika kwenye kioo, maandishi yakilielekea.

"Baba, nini tena hiki?" binti yangu akauliza.

"Huyu amenuna. Amegoma kula siku kumi. Asipojieleza leo, namhamishia kwenye ndoo."

"Hajanuna. Amebeba watoto mdomoni. Akila, atawameza. Ukimshtua na hiyo ndoo yako, ndiyo basi tena. Si Mama alikuwa anakwambia?"

"Sina kumbukumbu hiyo."

"Utakuwaje nayo? Ulikuwa unasoma gazeti."

Ndoo ilikuwa tayari miguuni pangu, imejaa maji. Niliisukuma chini ya meza kwa utulivu wa kiofisi.

"Basi, barua ifutwe," nikaamuru.

"Haifutwi. Inabadilishwa jina tu."

Aliibandua, akakata "samaki wa manjano" akaandika "Baba", akakata "siku kumi" akaandika "tangu mazishi". Kisha akaiweka mbele yangu pamoja na sahani ya wali.

"Haya mzee, jieleze. Mwenzako ana watoto mdomoni. Wewe una nini?"

Nikavuta sahani.

Siku kumi na moja baadaye, saa moja asubuhi, jike la manjano lilifungua mdomo. Wakatoka vitoto kama punje za mchele, mmoja mmoja, wakalizunguka. Niliweka gazeti chini, nikavuta kiti karibu na kioo.

Habari za mtaa sikuwa nazo. Nikawasimulia ya mkuu mmoja wa masijala aliyetaka kumtia mama yao kwenye ndoo.