Hakimu Alipoinua Kalamu

Jumatano, 9 Julai

Runinga imetangaza filamu ya Jumapili saa tisa alasiri. Ya Kihindi, ya zamani, nyeusi na nyeupe. Wakaonyesha kipande: hakimu na kalamu yake. Nikaangusha kikombe. Ndiyo ile! Mwaka wa 1983 gari la sinema lilikuja Garbatulla, nikiwa darasa la tano. Hakimu akainua kalamu amhukumu kijana, bila kujua ni mwanawe wa kumzaa, na jenereta ikazimika. Asubuhi gari likaondoka. Nimeoa, nimezaa, nimestaafu ukarani, na hadi leo sijui kama kijana alinyongwa.

Shida ni moja. Jumapili saa tisa ni sala ya jumuiya, nyumbani kwa mwenyekiti Mwongera. Mimi ndiye katibu. Mwongera alinishinda uenyekiti kwa kura mbili, na tangu siku hiyo asiyefika bila sababu hutajwa kwa jina kanisani.

Ijumaa, 11 Julai

Sababu nimeipata. Mgongo. Hakuna daktari awezaye kuyaona maumivu yake. Nimepita mbele ya duka la Mwongera la misumari na mabati nikiwa nimejipinda. Akatoka mwenyewe. Akasema pole sana katibu, akataka nipelekwe nyumbani kwa mkokoteni. Nikakataa. Alionekana kuhuzunika kabisa. Mnafiki.

Mke wangu Margaret ameniuliza ni mgongo upi huo, ule uliobeba gunia la makaa asubuhi? Nikamwambia gunia ndilo lililouvunja. Akaenda akaliinua gunia kwa mkono mmoja. Simpendi akianza kuchunguza.

Jumapili, 13 Julai

Saa nane na nusu Margaret aliondoka na udhuru wangu. Chai tayari. Njugu tayari. Saa tisa kasoro dakika mbili nikasikia pambio langoni. Watu kumi na wanane! Jumuiya yote imehamia kwangu kumwombea mgonjwa. Nilizima runinga, nikaruka kochi hadi kitandani. Mgongo wangu haujawahi kuwa na afya namna hiyo.

Waliomba. Waliimba. Wakanywa chai yangu, wakala njugu zangu. Kisha Kiende, kiongozi wa vijana, akauliza kama wanaweza kuwasha runinga kidogo tu. Margaret akasema washeni. Filamu hizi ni ndefu, ilikuwa haijafika mahakamani. Kati yangu na hakimu, pazia tu.

Nikajaribu kuinuka. Mwongera akanilaza tena taratibu, akasema mgonjwa haachwi peke yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanisomea Zaburi ya mia na kumi na tisa. Aya zote mia na sabini na sita. Sauti ya mtu huyo inaweza kuita ngamia aliye mbali kule Sericho. Alipopita aya ya mia na hamsini, sebule ikanyamaza. Kisha akina mama wakalia. Kisha wakapiga makofi. Niliuma blanketi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeulizauliza kwa ujanja. Margaret alikuwa jikoni, hakuona mwisho. Kiende anasema hakimu alirarua hukumu. Mzee M'Ikiara anasema kijana alinyongwa, na alistahili. Mama Atabo anasema hakukuwa na hakimu, ila harusi ilikuwa nzuri. Watu kumi na wanane, na hakuna shahidi hata mmoja!

Jumanne, 15 Julai

Filamu itarudiwa Alhamisi saa tisa! Nikaruka kwa furaha. Mbele ya Margaret. Papo hapo akampigia Mwongera simu kwamba nimepona. Mwongera amemshukuru Mungu na kuitisha jumuiya kwake. Alhamisi. Saa tisa. Nikatoe ushuhuda.

Baadaye Margaret alikaa karibu nami, akasema amemweleza Mwongera habari za gari la sinema. Eti Mwongera alishangaa kwa nini sikusema. Jumuiya ingesogezwa hadi jioni, hata sasa inaweza kusogezwa. Eti nimpigie tu simu nimwambie ukweli.

Jumatano, 16 Julai

Nimeishika simu robo saa nzima. Mimi, nimwombe ruhusa Mwongera? Nikaiweka chini.

Nimetulia, nimefikiri, na kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa mgongo. Mgongo humlaza mtu chumbani. Goti humlaza mtu kwenye kochi, mguu juu ya stuli, uso kwa runinga.

Margaret ameniuliza linauma goti lipi. Nimemwambia asubiri nimalize kufunga bandeji.