Wapiga Kwale Juu ya Kaunta ya Ushirika

Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Agosti, 1975

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka foleni ya sukari, ambamo naandika barua hii nikiwa mtu wa thelathini na moja. Mimi ni mwanachama halali wa Duka la Ushirika Tujikaze.

Katibu wetu, Ndugu Shomari, alinunua mnadani picha ya kale ya Kizungu, yenye fremu na kioo, akaitundika juu ya kaunta. Inaonyesha Wazungu wawili wa kofia ndefu, mmoja mwenye tumbo kubwa, wakipiga kwale kwa bunduki huko shamba, mbwa wao wawili, na mtumishi aliyebeba kwale waliokufa. Chini imeandikwa mwaka 1823. Nalalamika hivi:

1. Wanaopiga hawabebi, na anayebeba hapigi. Darasani kwa watu wazima tulifundishwa kwamba huo ndio unyonyaji. Sasa tunautazama kwa muda wa saa nne kila siku, bila hata mwalimu.

2. Mbwa wale wamenona. Mama mwenye mtoto mgongoni akiwatazama tangu alfajiri, kisha akaambiwa sukari imekwisha, anaweza kuwaza mabaya. Mimi nimeshayawaza.

3. Nilipouliza, Katibu alinieleza kwa upole kuwa hao ni wakulima wanaolinda mpunga dhidi ya ndege waharibifu. Nikauliza mpunga uko wapi. Akasema umeshavunwa.

4. Jumamosi mzee Mrisho, anayeshusha magunia yetu tangu duka lifunguliwe, alitua gunia, akainua macho, akasema kwa sauti, "Huyo aliyebeba ni mimi. Na huyo mwenye tumbo namjua pia." Foleni nzima ilitazama tumbo la Katibu, ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Jumatatu mzee akasimamishwa kazi kwa kosa la kudharau mali ya ushirika. Mkewe ni mgonjwa, na mgongo wa mzee mwenyewe umeshapinda kwa unga wetu.

Siombi picha iondolewe, maana ukuta una ufa. Naomba irekebishwe. Atafutwe mchoraji, mtumishi apewe bunduki wiki ya kwanza na Wazungu wabebe. Wiki ya pili bunduki washike mbwa, kwani nao ni wafanyakazi. Wiki ya tatu ni zamu ya kwale. Ikishindikana, mzee Mrisho arudishwe kazini, jambo lisilohitaji rangi wala brashi.

Nisalimie wapiga chapa, wafagizi, na yeyote hapo ofisini mwenye sukari nyumbani.

Mwenzenu wa kusimama,
Candida Millanzi

Nyongeza, 14 Agosti: Ndugu Mhariri, nakuomba usiichape barua hii. Jana Katibu aliniteua kuwa mpimaji wa sukari. Nimeitazama ile picha kutoka upande wa ndani wa kaunta, na naona ni pambo zuri tu. Leo asubuhi mzee Mrisho alikuja na kikapu, akaniita mwanangu mbele ya watu. Nilimwonyesha mwisho wa foleni.