Saa Sita za Ziada

Jumatatu, 4 Agosti

Ijulikane kwa wote walio hai na watakaozaliwa: leo, hapa Ikonge, kitufe cha TUMA kimehama rasmi kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna aliyeumia.

Kazi hiyo nimeifanya peke yangu, mimi Nyakundi, katika chumba changu nyuma ya duka la mbolea. Bila shahada. Bila mwalimu. Bila stima tangu asubuhi. Programu yangu inaitwa Tangazo. Mtu akifiwa, anaandika kwenye simu jina la marehemu, mahali na saa ya mazishi, anabonyeza, na ukoo mzima unapata habari kwa pamoja. Kimya kimya. Kwa heshima.

Si kama binamu yangu Haron. Haron ana gari lenye spika mbili juu ya paa, anapita nalo sokoni akinguruma majina ya wafu katikati ya nyimbo za kwaya. Ng'ombe wanakataa kukamuliwa. Watu wanampenda. Siwaelewi.

Leo pia nimetatua jambo kubwa. Sisi tunasema saa nne asubuhi, mashine inaandika kumi. Wote tuko sawa ila hatuelewani. Basi nimeiagiza programu, mtu akiandika saa, iongeze sita yenyewe. Fikra kama hizi hazifundishwi chuoni. Niliulizia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyanya Bosibori hajatoka kitandani tangu Sabato. Ndiye aliyenilea. Huniita mume wangu, kama nyanya wote wa huku wanavyowatania wajukuu, na huwa mke mkali.

Nimemwonyesha programu. Akaigeuza simu, akaiweka sikioni, akasema hasikii kitu. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo sifa yake. Akasema, mume wangu, mimi nitazikwa mara moja tu, nataka nitangazwe na Haron, jina langu lipite mpaka Nyacheki kwa spika. Nimeumia sana. Nimemfuta uji kidevuni nikiwa nimeumia.

Kisha akanishika mkono. Akasema wengine wakija sawa, wasipokuja sawa, ila Nyanchera afike.

Nyanchera ni dada yake, aliolewa Kenyenya. Hawajazungumza tangu nikiwa darasa la tatu. Chanzo ni sufuria. Nyanchera aliiazima kwa ajili ya harusi, akairudisha na mfuniko wa sufuria nyingine. Nyanya amepika na mfuniko usiotosha miaka yote hiyo, mvuke ukitokea pembeni, akimsema dada yake kila jioni. Sasa anataka aje tu, hata mikono mitupu. Amtazame uso kabla ya udongo, amlilie kwa sauti, majirani wasikie kwamba Bosibori alikuwa na ndugu.

Nikauliza kwa nini nisimlete sasa hivi. Akasema akija nikiwa hai nitamuuliza mfuniko.

Nikamwambia Nyanchera niachie mimi. Hapo niliona nafasi yangu. Haron ana spika, lakini Kenyenya ni mbali.

Alhamisi, 14 Agosti

Nyanya amefariki alfajiri. Nilikuwa njiani kumpelekea maziwa.

Maziwa bado ninayo.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijaweza kulia. Wanawake wanalia vizuri, mmoja akichoka mwingine anapokea. Mimi nilikaa uani na mikono yangu. Mikono ikataka kazi. Nikafungua kompyuta.

Nikagundua kwamba seva, ile mashine ya mbali inayopokea matangazo yote kabla ya kuyagawa, haijui saa zetu. Nikaisikitikia. Nikaifundisha: ongeza sita. Nilihisi nimeshawahi kufanya kitu kama hicho mahali fulani, sikukumbuka wapi. Moyo ulitulia kidogo.

Mchana kamati ya mazishi imekaa. Mwenyekiti ni Shangazi Edinah, binti wa marehemu, mwanamke anayeweza kulia na kuhesabu viti kwa wakati mmoja. Ameamua mazishi yawe Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi. Ijumaa watu wanajiandaa na Sabato, na Sabato yenyewe hapa kwetu hakuna wa kushika jembe. Haron akasimama, akasema gari lake ni la Nyanya, atatangaza Ikonge yote, Nyacheki, halafu atashuka mpaka Kenyenya amweleze Nyanchera uso kwa uso.

Uso kwa uso! Mtu wa spika!

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia daraja la upande wa Kenyenya limebebwa na maji. Alishtuka. Aliwapa pole watu wa daraja. Nikarudi kwa kamati nikasema Kenyenya ni mzigo wangu. Shangazi akaniuliza kama sitapiga hata simu. Nikasema kupiga simu ni mambo ya zamani.

Nikaandika: Mazishi ya Bosibori, nyumbani Ikonge, Alhamisi, saa 4 asubuhi. Nikabonyeza. Kitufe kiko mahali pazuri kweli pale kulia.

Masese, mwana wa Nyanchera, ana Tangazo kwenye simu yake. Alilipakua mwaka jana kwa kunihurumia. Amejibu upesi. Amesema wameipata, mama amekaa chini, analia, atakuja.

Nyanya, umeona? Bila kelele.

Jumanne, 19 Agosti

Kikao cha mwisho cha kamati. Saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimekiweka kwenye Tangazo, nikasubiri arifa kama mtu mstaarabu. Ikalia, nikaenda, nikamkuta Shangazi Edinah peke yake akisuuza vikombe. Ilikuwa saa nane mchana. Akaniuliza nilikuwa nimelala wapi. Nikasema programu imeniambia saa nane. Akasema basi iulize tena, na uiulize vizuri, maana Alhamisi si kikao.

Nimetafakari jambo hili kwa kina. Kamati hii haiheshimu saa.

Barabarani Haron anapita: Bosibori, mama wa watu, Bosibori wa Ikonge. Jina likagonga kilima cha majani chai na kurudi. Niliingia ndani nikafunga dirisha. Bado nilisikia.

Alhamisi, 21 Agosti

Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Wengi walisema wamesikia kwa Haron.

Nyanchera hakuwepo.

Nilisimama kwenye njia ya kuingia boma tangu ibada ianze. Jeneza lilipofunguliwa watu wapite, nikawaambia vijana waende polepole. Nilimnong'oneza mchungaji arefushe mahubiri. Hakuwahi kuombwa hivyo maishani mwake. Alinitazama kwa upendo, akaanza upya tangu Mwanzo. Watoto wakasinzia. Mawingu yakashuka kutoka upande wa Nyamira, yale ya kila siku baada ya chakula, na Shangazi akasema mvua haitaingia kwenye kaburi la mama yangu kwa sababu ya Nyakundi. Wakamshusha. Nilitupa udongo wangu nikiangalia njia.

Mvua ilinyesha, ikakata. Watu wakala, wakaaga. Tenti zikakunjwa.

Karibu na saa kumi jioni, bodaboda mbili zikaingia. Ya kwanza Masese. Ya pili Nyanchera, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekumbatia kitu cha mviringo kilichofungwa kwenye leso. Nyuma yao wakafika vijana watatu wa ukoo waliovaa vizuri, wakiuliza ibada inaanza saa ngapi. Hao ndio watumiaji wangu wengine wote.

Masese akasema wamewahi, mama alikataa kabisa kuchelewa. Akanionyesha simu. 16:00, yaani saa kumi jioni. Akasema walishangaa kuzika jioni hivyo, lakini walidhani ni mambo ya kisasa.

Nyanchera alikuwa ameshaliona kaburi.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa. Aliuliza tu kichwa kimelala upande gani, akaenda akasimama hapo. Kisha akaingia jikoni, akafungua leso. Mfuniko. Umesuguliwa kwa mchanga mpaka unang'aa. Sufuria ya Nyanya ilikuwa motoni, Shangazi anachemsha chai ya waliobaki, mvuke unatokea pembeni kama kawaida yake. Nyanchera akautoa mfuniko wa zamani, akaweka huo.

Ukatosha. Mvuke ukakoma.

Hapo ndipo alipolia. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemesha. Hakuna jirani aliyesikia.

Haron alikuja akasimama kando yangu. Akasema Jumatano alipeleka kwaya kule Kenyenya, daraja lipo. Akasema ningemwambia tu, angemleta huyo mama mwenyewe, angempa kiti cha mbele. Hakuwa na kelele hata kidogo. Ningependa angekuwa nazo.

Jumapili, 24 Agosti

Nimefanya uchunguzi huru. Kamati ya uchunguzi ilikuwa mimi.

Matokeo: simu iliongeza saa sita kama ilivyoagizwa. Seva nayo ikaongeza saa sita kama ilivyoagizwa. Nne ikawa kumi, kumi ikawa kumi na sita, ndiyo saa kumi jioni. Hakuna aliyekosea. Hawa wawili hawazungumzi tu. Mambo ya kifamilia.

Nimechukua hatua kali. Nimeziondoa saa sita kwenye seva. Halafu, kwa usalama zaidi, nimeziondoa na kwenye simu. Sasa hakuna anayeongeza chochote. Amani imerudi.

Shangazi Edinah amesimama mlangoni kwangu mpaka nikampigia Nyanchera, kwa simu, kizamani. Sauti yake ilikuwa mbali. Nikasema samahani, nikaanza kumweleza kuhusu seva. Akasema, mjukuu, mimi sitaki seva, njoo Jumapili ijayo saa nne asubuhi, kuna chai, unieleze alikuwa anasema nini siku zile za mwisho. Kama alinitaja. Kama alinitaja kwa ubaya pia uniambie.

Nimemwambia nitafika bila kukosa. Shangazi amenipa ule mfuniko usiotosha niurudishe kwa mwenyewe. Haron amejitolea kunipeleka na kunikumbusha saa. Nimemshukuru, nikakataa. Miadi nimeshaiandika kwenye Tangazo: Jumapili, saa 4 asubuhi.

Jumapili, 31 Agosti

Kenyenya. Nimelala gesti ya sokoni tangu jana jioni ili nisiache chochote kwa bahati.

Arifa imelia. Nikaruka kitandani. Mhudumu wa gesti alinifungulia lango akiwa amejifunga blanketi, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo. Nje kulikuwa na giza, nikasema ni mawingu, huku yanashuka sana. Nikatembea haraka, mfuniko kwapani, nikikariri nitakayomwambia Nyanchera. Kwamba alimtaja. Kwamba alisema aje tu, hata mikono mitupu. Hilo nitalisema kwanza, kabla ya seva.

Sasa niko mlangoni pake na simu inasema 4:00, miadi imefika, dakika kwa dakika. Nyanya angenisifu. Angenitania kwanza, halafu angenisifu. Nimekaa kwenye ngazi naandika haya kwa mwanga wa simu. Nimefikiria sana kuhusu tatizo la mwezi huu na naamini nimelipata: ni kitufe. Kilipokuwa kushoto hakuna aliyewahi kuchelewa mazishi. Kesho nakirudisha.

Nimebisha mara mbili. Mbwa amekuja, amenusa mfuniko, amelala tena.

Ni saa kumi alfajiri.