Lundo Lililogoma Kuoza

Jumatatu, 4 Novemba
Leo nimeanza kazi ya kihistoria hapa Mtanda. Udongo wa bustani ya mke wangu Zakia umechoka, mchicha unachipua na kunyauka. Amesema wazi: mvua zikianza kabla sijampatia mboji, matuta anamkabidhi kaka yake Yassini. Yassini! Yule ambaye lundo lake upande wa pili wa ua linafuka mvuke, na kila apitaye anaitwa kulitazama. Nimerundika mabibo ya mikorosho, majani makavu, samadi ya mbuzi na matumbo ya samaki. Lundo langu ni kubwa zaidi.

Alhamisi, 7 Novemba
Lundo limepata joto. Nimeingiza mkono, nikautoa mbio! Lakini nzi! Na harufu! Jirani yetu Mama Restuta ametuma salamu kwamba kama tuna msiba tungemwambia. Nikafikiri. Salfa tuliyobakiza msimu wa kupulizia mikorosho ipo stoo. Kama inamaliza ugonjwa wa ubwiriubwiri shambani, itashindwa na nzi? Nimemwaga yote. Akili ni mali.

Jumatano, 20 Novemba
Nzi hakuna. Harufu hakuna. Joto nalo hakuna. Nimechimba: mabibo yapo vilevile, yamesinyaa tu. Zakia alichungulia. Akaenda kukaa kwenye matuta yake, akifuta machozi kwa pindo la khanga. Matuta hayo aliyalima na mama yake, Mungu amrehemu. Nimeumia sana.

Ijumaa, 22 Novemba
Nimejishusha, nimemwita Yassini. Alinusa, akacheka hadi akakaa chini. Akasema salfa ni sumu ya ukungu, na kuoza ni kazi ya ukungu na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Eti nimewaua wafanyakazi, halafu naulizia kazi.

Nimewaza kutwa nzima. Miaka yote nilidhani kuoza ni mwisho wa kitu. Kumbe chini mle kuna wanaokula, wanaozaana, wanaogeuza jani kuwa udongo ili jani jingine liote. Hata marehemu baba amepokewa na hao hao, na nyasi za kaburini kwake ni kijani kuliko zote. Sikuogopa. Nilitulia, sijui kwa nini.

Jumapili, 1 Desemba
Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Yassini akaleta mboji yake, nyeusi, laini, akamtandazia dada yake. Akasema matuta ni ya Zakia, yeye hayataki, ila shemeji asiyaguse. Zakia amecheka! Amepanda mbegu akiimba. Nami nimeapa kuwalinda wale wadudu wadogo kama wanangu.

Asubuhi hii nimekagua. Msiba! Tuta zima limejaa nyungunyungu, wanene, wanaitafuna mboji ya mke wangu bila aibu. Yassini alisema wafanyakazi hawaonekani kwa macho. Hawa wanaonekana.

Zakia yuko sokoni. Maji yanakaribia kuchemka.