Mkono wa Mzee Arkorful

Jumatatu, 3 Agosti
Sekondi. Jua kali, zege jingi. Sanamu ya Mzee Arkorful, aliyeanzisha muziki wa highlife wa gitaa mji huu, imefika mabegani. Mkono mmoja utashika gitaa, wa kulia utakuwa juu ukisalimu watu. Fundi Ackah anataka kiganja cha mtu halisi akitolee kalibu. Kamchagua Dery, mbeba mchanga mwenzangu! Mdagao! Mimi nimetoka mji wa Bongo, kaskazini kabisa mwa Ghana, kubeba mchanga, halafu sifa apewe yeye? Lazima kiwe changu. Mama atatembea kifua mbele sokoni.

Jumanne, 4 Agosti
Nimemweleza Dery, kwa huruma, kwamba anayetoa kiganja kwa sanamu ya marehemu huitwa na marehemu akampigie ngoma hukohuko kuzimu. Kacheka, kaniita mla vichwa vya mbwa, utani wao Wadagao kwetu Wafrafra. Baada ya chakula kamwambia fundi ana homa. Kazi yangu!

Jumatano, 5 Agosti
Fundi kaenda Takoradi kutafuta rangi. Kaniachia plasta, nitoe kalibu na kubandika mwenyewe. Kiganja changu cha kulia kimeharibiwa na sepetu, kucha nyeusi zote. Cha kushoto kizuri kama cha karani. Mkono ni mkono. Kimetoka safi!

Alhamisi, 6 Agosti
Balaa. Binti wa marehemu, Mama Araba, kaja na wazee wa ukoo. Kakitazama kidole gumba kilivyokaa. Kisha kasema, “Baba kapiga gitaa kwenye harusi za mji mzima. Leo anatusalimu kwa mkono wa chooni?”
Fundi kanigeukia. Nikamnyooshea Dery kidole.
“Mimi nilikuwa na homa, mtani wangu,” kasema Dery.
Fundi kaniamuru nikusanye vitu vyangu niondoke. Woga ukanipa akili. Nikamwuliza Mama Araba kama mzee hakuwa akicheza na leso nyeupe. Kasema baba yake hakupanda jukwaani bila leso. Fundi kanitupia mwiko wa saruji, niifinyange leso hapo kiganjani.

Jumamosi, 8 Agosti
Uzinduzi! Chifu, tarumbeta, watu hadi barabarani. Leso ya saruji imefunika kiganja chote, kama inapepea kweli. Mama Araba kalia, kisha kacheza. Sijawahi kujivuna hivi. Nimempigia mama simu: kilicho ndani ya leso ni changu. Kauliza, cha kulia? Nikasema mtandao mbaya.
Kazi ijayo Winneba, sanamu ya mpiga tarumbeta. Fundi atahitaji mdomo. Nimeanza kujipaka midomo siagi ya shea, ilainike. Meno mawili ya mbele sina, lakini mpiga tarumbeta hufunga mdomo.